Joka Aliyeazimisha Vyombo

Katika kanisa letu, nyuma ya mimbari, kuna picha ya maporomoko ya maji inayofunika ukuta mzima. Imechapwa kwenye turubai, na pale vipande viwili vilipounganishwa maji yanaruka kidogo, kana kwamba mto umeshikwa na kwikwi. Papa Donat, katibu wa kanisa, ndiye aliyeinunua mwaka tulipohamia ukumbi huu wa kukodi karibu na Chaussée d'Ixelles. Alituambia ni Yordani. Hakuna aliyeuliza zaidi. Tulikuwa tumetoka kusali katika gereji yenye harufu ya matairi, na mtu aliyetoka kwenye matairi hamhoji anayemletea mto.

Mimi naitwa Rolande. Nilizaliwa Goma. Mchana namtunza mzee mmoja huko Uccle, na jioni nakwenda shule kujifunza Kifaransa cha kuandika, maana cha kusema nilikiokota njiani. Kanisani Mungu amewapa wengine sauti, wengine unabii, wengine mikono ya kuponya. Mimi alinipa ufunguo wa kabati la vyombo. Nauvaa shingoni, chini ya blauzi, na sioni haya kusema kwamba naupenda. Mkongomani wa Brussels akifiwa, watu hujaa nyumbani kwake jioni ileile, na wote watakula. Akimwoza binti, ni vilevile. Nyumba zetu hapa ni ndogo, na makabati yake ni madogo zaidi. Kwa hiyo kabla hajampigia simu ndugu aliyeko Bukavu, mtu ananipigia mimi. Naenda, nafungua, natoa sahani na masufuria, tunaomba pamoja mlangoni, anaondoka. Hiyo ndiyo huduma yangu.

Shida ni kwamba vyombo vilikuwa vimejifunza kwenda tu, kurudi havikujifunza.

Kabati lilipungua polepole, kama nywele za mwanamume. Kwanza viliondoka vijiko, halafu chupa za chai, halafu sahani za maua ambazo tulizipenda. Mwishowe akaondoka Goliati. Goliati ni sufuria yetu kubwa ya alumini. Mtoto anaweza kuoga ndani yake, na wapo waliooga. Bila Goliati huwezi kupika sombe, yaani kisamvu, ya kanisa zima kwa mara moja. Alichukuliwa na Maman Marie-Jeanne, mtu wa Likasi, sauti ya kwanza katika kwaya, kwa ajili ya matanga ya kaka yake. Matanga yaliisha, watu wakarudi makwao, Goliati hakuonekana. Kila ibada nilimwangalia Maman Marie-Jeanne akiimba, naye aliimba akiangalia dari.

"Na ile sufuria, maman?" nilimuuliza siku moja, kwa upole.

"Dimanche," alisema. "Dimanche nitaleta, kweli kabisa."

Hakusema Jumapili ya mwaka gani.

Ningeweza kumsema mbele za watu. Lakini yeye ni wa Katanga na mimi ni wa Kivu, na mambo ya namna hiyo huanza na sufuria moja yakaishia na makanisa mawili.

Kisha Papa Donat akasimama wakati wa matangazo. Zamani alifanya kazi benki Lubumbashi, na hadi leo anasimama kama mtu aliye nyuma ya kioo.

"Bon," alisema. "Kabati ya vyombo imekuwa sawa kikapu yenye kutoboka. Donc, napendekeza hivi. Sikukuu ya mavuno ikifika na vyombo haviko, Maman Rolande apumuzike. Ufunguo nitashika miye. Hakuna kuazimisha tena. Tutanunua sahani za karatasi. Muntu anakula, anatupa, c'est fini."

"Na sombe utapikia ndani ya karatasi, papa?" aliuliza mtu kutoka viti vya nyuma.

Watu walicheka, lakini Pasta Éliézer aliliangalia kabati, akaniangalia mimi, akasema pendekezo limepokelewa. Niliushika ufunguo kupitia blauzi. Papa Donat huzima simu akiwa anakula, na huwa anakula kwa muda mrefu. Aliyefiwa atampigia nani?

Shule yangu iko karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, ghorofa ya juu. Ukiangalia nje unaona maofisi marefu yakiwaka taa yakiwa hayana mtu. Mwalimu wetu, Monsieur Hervé, alitupa kazi: kila mmoja aje na picha ya mahali fulani duniani, asimame, aeleze. Mimi nilileta ukuta wa kanisa kwenye simu yangu, nikaeleza Yordani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufunga na kwa kamusi. Nilimweka Naamani, nilimweka Yoshua, nikamaliza na Yohana Mbatizaji.

Monsieur Hervé alisema vizuri sana, ila nijihadhari na vitenzi vya wakati uliopita. Ndipo Chizuru akainua mkono. Chizuru ni mama wa Kijapani aliyeolewa na Mbelgiji, tunakaa meza moja. Ni mtu wa maneno machache, akiinua mkono darasa linageuka.

"Samahani, Rolande," alisema. "Huo mto naujua. Nilikwenda pale na shule nikiwa mdogo. Si Yordani. Ni Fukiware."

Nilimwambia labda inafanana tu. Akatafuta kwenye simu yake, akailaza kando ya yangu. Mwamba uleule, ufa uleule, hata mti ulioinama upande wa kushoto. Darasa zima lilikuja kuangalia. Monsieur Hervé alisema, kwa huzuni kidogo, kwamba basi nilikuwa nimeueleza vizuri sana mto mwingine.

Wakati wa mapumziko, mbele ya mashine ya kahawa, Chizuru alinifafanulia. Mto unaitwa Katashina, uko kwenye milima ya mkoa wa Gunma, nyumbani kwao. Zamani mno volkano ilitapika majivu na mawe ya moto, yakashikana yakawa mwamba, na mto ukaanza kuukata mwamba huo. Hapo nilimwambia sisi wa Goma, tuliokulia chini ya volkano, anaweza kuturukisha somo hilo. Alicheka, akaendelea. Maji yanakuja yametandazwa juu ya mwamba mpana kama sakafu. Ghafla sakafu inapasuka, na mto wote unatumbukia ndani ya ufa kutoka pande tatu kwa pamoja, ukipuliza manyunyu juu. Urefu wake si wa kumtisha mtu. Kinachotisha ni upana, na zile pande tatu. Serikali iliyaweka maporomoko hayo chini ya ulinzi tangu kabla ya vita kuu ya pili, na siku hizi watu wanafika kwa mabasi na kutembea juu ya mwamba karibu kabisa na ukingo.

"Na chini ya ufa," alisema, "wazee walisema kuna jumba la mfalme wa maji. Joka."

Nilishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Joka mbaya?"

"Hapana." Alitafuta neno la Kifaransa. "Jirani. Watu wa kijiji walikuwa maskini. Wakiwa na sherehe, hawakuwa na vyombo vya kutosha. Basi waliandika ombi kwenye karatasi, wakalitupa majini. Siku ya pili yake wanakuta bakuli na sinia juu ya mwamba, kadiri walivyoomba. Sherehe ikiisha wanaviosha, wanavirudisha."

Nilimtazama kwa makini nione kama kuna mtu aliyemweleza habari za kabati langu.

"Na halafu?"

"Siku moja wakasahau seti moja. Sinia na bakuli za mtu mmoja, basi. Baada ya hapo waliandika, walitupa, walisubiri. Joka hakuazimisha tena. Bibi yangu alinisimulia kila nilipochelewa kurudisha kitu cha watu."

Wazo lile sikulitafuta. Lilikuja lenyewe, likajimiminia kahawa, likakaa. Kwenye tramu ya kurudi nyumbani nilimuuliza Mungu kama ni dhambi kusimulia hadithi huku ukijua itamchoma nani. Nilifumba macho nikasubiri. Aliyenijia ni nabii Nathani, yule aliyekwenda kwa Daudi na habari ya mwana-kondoo. Hakumtaja mtu yeyote, na mfalme akajikamata mwenyewe. Nilishukuru kwa muda mrefu, hata nikapitiliza kituo changu.

Jumapili nilimwomba Pasta Éliézer dakika chache za kutoa ushuhuda wa shule. Anapenda sana watu wazima wanaosoma, akanipa bila kuuliza. Nilisimama mbele ya turubai.

"Ndugu zangu," nilisema, "hii si Yordani."

Papa Donat alikohoa.

Niliwaeleza mto Katashina, volkano, mwamba uliopasuka. Nilipofika kwenye joka, mama mmoja wa mstari wa mbele alimpakata mtoto wake. Niliendelea na karatasi zilizotupwa majini, na sherehe za maskini, na bakuli zilizosubiri juu ya mwamba. Nilipofika kwenye ile seti moja nilipunguza sauti. Sikumwangalia Maman Marie-Jeanne. Niliangalia saa ya ukutani, na ni kweli kwamba saa hiyo imetundikwa juu ya kichwa chake.

"Baada ya hapo," nilimaliza, "waliandika, walitupa, walisubiri. Vyombo havikuja tena. Naishukuru shule ya jioni. Mungu awabariki."

Hakuna aliyesema amina. Aliyezungumza kwanza ni tonton Kazadi, mpiga gitaa.

"Joka," alisema. "Yule joka wa Apocalypse, wa kitabu ya Ufunuo?"

Papa Donat alikuwa amekwisha kusimama. "Alors, hii ni mambo mubaya sana. Tangu miaka tunapiga magoti mbele ya nyumba ya joka. Miye nauliza: ni nani alileta joka kwa mazabahu?"

Watu wote walimgeukia. Alichukua muda kuelewa kwa nini.

"Papa," alisema tonton Kazadi, "ni weye ulinunua."

"Muuzaji aliniambia ni Yordani."

"Uliona cheti ya kuzaliwa ya ule muto?"

Kicheko kilianza kwenye kwaya kikafika mlangoni. Pasta Éliézer aliinua mkono hadi kikaisha, kisha akaniuliza mimi.

"Maman Rolande, yule joka aliomba batu bamuabudu?"

"Hapana, Pasta. Aliomba sahani zake."

"Aliomba kitu ingine?"

"Hakuna."

Aliigeukia turubai. "Bon. Picha itabaki hadi sikukuu ya mavuno. Tutaiombea. Lakini mutu mwenye iko na kitu ya benzake ndani ya nyumba, asingojee joka aje kuitafuta."

Sikumwambia aseme hivyo. Ni Roho aliyemwambia, au ni mkewe, ambaye alikuwa na chupa zangu za chai.

Juma lile lilikuwa la furaha kwangu. Kila nilipopita kwenye ukumbi nilikuta kitu mbele ya mlango. Sahani za maua zilizofungwa kwenye gazeti. Vijiko ndani ya soksi. Mwiko wa bugali ambao tulikuwa tumeshauhesabu kati ya marehemu. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyesubiri kushukuriwa. Kisha vikaanza kuja vitu ambavyo havikuwa vyetu kabisa. Lilikuja gari la mtoto. Lilikuja blanketi la hospitali, na sahani yenye jina la mgahawa pembeni, na koti la mvua la tonton Kazadi, ambalo shemeji yake alikuwa amelivaa mbele ya macho yake majira yote ya baridi.

Bienaimé, anayefanya kazi ya ujenzi, alinipigia simu kwa sauti ya mgonjwa.

"Maman, nauliza tu. Yule joka anaangaliaka vitu vya kanisa pekee, ao hata vya chef wa kazi?"

"Sijui, baba. Rudisha vyote."

"Hata perceuse, ile mashini ya kutoboa ukuta?"

"Hiyo kwanza."

Niliosha, nilipanga, niliimba. Kabati lilijaa hadi mlango ukagoma kufunga. Lakini mahali pa Goliati, chini kabisa, palikuwa wazi, na hakuna kitu kingine ambacho kingeweza kupajaza. Ikafika Jumamosi, siku ya kupika. Asubuhi akina mama walikuwa wanatwanga sombe kwenye uwanja wa nyuma, na Papa Donat alikuwa ameingia na maboksi ya sahani za karatasi, akayapanga mahali ambapo kila mtu angejikwaa.

"Goliati iko wapi?" aliniuliza.

"Anakuja."

"Na miguu yake?" Alinyoosha mkono, kiganja juu, akauacha hapo. "Ufunguo, maman. Tulisemaka: vyombo vyote."

"Tulisema sikukuu, papa. Sikukuu ni kesho."

Niliondoka kabla hajapata jibu.

Maman Marie-Jeanne anakaa nyuma ya Gare du Nord, ghorofa ya pili, bila lifti. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, mengine kutoka Mithali. Alifungua mlango, akanitazama, akasogea pembeni nipite. Na pale jikoni, juu ya meza, alikuwa amekaa Goliati, amesuguliwa hadi ungeweza kuchania nywele mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, sikujiandaa kwa sufuria inayong'aa hivyo.

"Kila samedi sawa leo naisugua," alisema. "Kila samedi nasema, kesho napeleka."

"Sasa juu ya nini haupeleki?"

"Na nini ndani?"

Sikumwelewa. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mkono juu ya ukingo wa sufuria kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Maman Rolande, kule kwenu Goma, munarudishaka chombo ya muntu iko tupu?"

"Hapana," nilisema. "Tunaweka kitu ndani."

"Njo vile. Bakuli, unatia ndizi, unapita. Sahani, unatia mikate. Lakini hii?" Aliigonga, ikalia kama kengele. "Tangu kaka yangu alikufa kazi yangu ilisimama. Nitie nini ndani? Kilo moja ya muchele, inarukaruka mule chini sawa panzi? Bamama wafungue kifuniko, waite kwa nguvu: kuko muntu? Mama yangu kule Likasi angetoka kwenye kaburi anipige na kifuniko."

"Lakini wengine wamerudisha. Hawakuweka kitu."

"Wale waliacha kwa mulango sawa bezi wa usiku, juu ya kukosa kitu ya kutia. Miye, kanisa yote inajua Goliati iko kwangu. Niiache kwa mulango nikimbie, na huu mwili?"

Nilicheka kabla sijapata nafasi ya kuwa na huruma. Alinikazia macho, kisha midomo yake ikamsaliti na yeye. Alisimama kutengeneza chai.

"Ile hadithi yako," alisema akiwa amenipa mgongo, "ulinipiga nayo vizuri. Eti unaangalia saa."

"Nilikuwa naangalia saa."

"Ile saa ilikufa tangu Noeli."

Nilikunywa chai.

"Tena wale bantu wa Japani," alisema, "hawakusahau. Muntu hawezi kusahau sahani ya mufalme. Waliiweka juu ya meza, hivi, wakaiangalia. Mmoja anasema: tutatia nini ndani? Yule iko na palais, jumba ya kifalme. Iko na samaki yote ya ule muto. Mwingine anasema: tungojee mavuno. Mavuno inakuja, iko kidogo. Wanasema, dimanche. Donc miaka inapita, na muntu anapita pale kwa maji anageuza uso. Si kusahau, maman. Ni haya."

Niliweka kikombe chini. Niliona ule mwamba mpana, na mtu amesimama mbali na ukingo na bakuli safi chini ya nguo yake, akirudi nyumbani nalo. Hata bibi yake Chizuru hakuwa amelisema hilo. Niliomba macho yakiwa wazi, kwa sababu muda ulikuwa mfupi, na macho yalipokuwa wazi hivyo yalitua kwenye bomba la jikoni.

"Jaza maji," nilisema.

"Maji?"

"Sombe ya kesho tunapika na nini?"

"Maji iko kwa kanisa."

"Maji ya kanisa ni ya kanisa. Haya yatakuwa yametoka kwako. Nani alisema maji si kitu?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego kwenye nyasi. Aliangalia bomba. Aliangalia Goliati.

"Beye batu ba Kivu," alisema taratibu, akiniigiza tunavyosema, "muko na akili mubaya."

Nilimwambia basi tumpeleke Goliati hivihivi, na tutamjaza palepale kwenye bomba la uwanja wa nyuma, kabla ya kuingia. Hakutaka kusikia. Chombo kinatoka nyumbani kimejaa, alisema, si kujazwa mlangoni kwa mwenye chombo, huo ni udanganyifu. Mimi niliyetumia hadithi ya joka sikuwa na nafasi ya kubishana juu ya udanganyifu. Tulijaza hadi katikati, maana zaidi ya hapo hata malaika wangetaka msaada. Tukafunga kifuniko kwa kitenge, fundo juu ya fundo. Tukaazima gari la mtoto kwa jirani wa chini, tukamkalisha Goliati ndani, tukamfunika na kitenge cha pili kwa sababu ya upepo, au kwa sababu ya heshima.

Kwenye tramu watu walitupisha. Kila kona Goliati aliguna, na kijito chembamba kikatoka chini ya kitenge kikaenda kutafuta viatu vya watu. Bibi mmoja Mbelgiji, mwenye mbwa mdogo, aliinama akajaribu kuona uso wa mtoto.

"Ana miezi mingapi?" aliuliza.

"Ni mkubwa kwa umri wake," alisema Maman Marie-Jeanne kwa Kifaransa kizuri sana.

Bibi alitabasamu. Aliangalia chini, akainua mbwa wake, akatuambia kwa sauti ya chini, kwa wema, kwamba anadhani mtoto anahitaji kubadilishwa nepi.

Maman Marie-Jeanne aliufunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalitikisika hadi tuliposhuka, na bibi yule, akidhani ni uchovu wa uzazi, alimpigapiga mkono.

Tulipoingia uwanja wa nyuma, kazi ilisimama. Mama walishika michi yao hewani. Papa Donat alitoka ukumbini, kalamu sikioni. Maman Marie-Jeanne alifungua mafundo moja baada ya jingine, hakuharakisha, kama mtu aliye mbele ya kwaya anayesubiri watu wakae.

"Nimeleta chombo ya kanisa," alisema. "Haiko tupu."

Papa Donat alinyanyua kifuniko. Akaangalia ndani, akainama zaidi, akaangalia tena.

"Ni maji."

"Ni maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya kwangu."

Alinigeukia mimi nimpe maelezo. Wapishi wote walikuwa wanatuangalia, na hapo sikuwa na Nathani wala joka wa kunisaidia. Kama mmoja wao angecheka, kila kitu kingemwagika. Ufunguo ulikuwa mzito shingoni, lakini, Mungu ananijua, wakati ule nilikuwa namwangalia Maman Marie-Jeanne tu, na kidevu chake kilichoinuliwa, na mikono yake iliyoanza kukunjakunja kitenge kilicholowa.

Maman Émérance, mkubwa wa wapishi, mzee wa Uvira ambaye tunamwogopa wote, aliweka mchi wake chini. Alikuja polepole. Alichovya kidole, akaonja.

"Aksanti, maman," alisema. "Sombe iko, mawese iko, samaki iko. Ilikuwa inakosa maji." Kisha akawageukia wengine. "Munangojea nini? Mukamate huku na huku, muweke kwa moto."

Wanne walimwinua Goliati. Maman Marie-Jeanne akawa wa tano, na walipomfikisha motoni alikuwa ameshaanza kuimba, macho yake yakiwa chini, kwenye kazi, hayako darini.

Papa Donat alibaki na kifuniko mkononi.

"Bon," alisema. "Lakini ufunguo."

Pasta Éliézer, aliyekuwa akimenya vitunguu na kulia peke yake pembeni, aliuliza bila kuinua kichwa: "Vyombo vyote viko?"

"Viko," nilisema. "Na vingine vingi."

"Donc ufunguo uko kwa mahali pake. Papa Donat, lete hicho kifuniko, moto inapotea."

Jumapili tulikula kwenye sahani za maua. Pasta alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtu arudishe chombo cha kanisa hata kikiwa kitupu, Mungu hataangalia ndani. Mama walimsikiliza kwa heshima na hawakumtii. Kitupu hapana, walisema baadaye jikoni, hata siku moja. Lakini maji, hilo wanaliweza. Tangu hapo masufuria yanarudi kutoka Molenbeek, kutoka Schaerbeek, mengine hata kutoka Liège kwa treni, na yote yanachuruzika. Turubai imebaki ukutani, na hakuna anayeiita Yordani. Sakafu ya mlangoni haikauki. Hakuna aliyemwomba Papa Donat ashike deki, aliichukua mwenyewe, na anapiga deki kama anavyofanya kila kitu, kwa kulalamika na kwa usafi.

Juzi na yeye aliazima sahani kwa ajili ya mgeni, moja tu, bapa isiyo na kina. Amerudisha leo. Alikuja nayo kwa metro kutoka Anderlecht, ameishika kwa mikono miwili kifuani, akitembea kama anayebeba meza ya Bwana, hakumsalimia mtu, hakugeuza shingo. Alipofika kabatini yalikuwa yamebaki matone machache ya maji.

"Ilikuwa imejaa," alisema.

"Naona, papa," nilisema, nikauvuta ufunguo kutoka kwenye blauzi.